SHA inasoma ukuta, haisomi mfuko

Jirani yangu hapa Pipeline, mtaa wa maghorofa ya kupanga jijini Nairobi, ni mama fua. Saa kumi na mbili asubuhi yuko njiani kwenda Eastleigh, ambako huketi kando ya barabara na wenzake wakingoja mwenye nguo aje achague mtu. Siku njema hurudi na mia sita. Siku mbaya hurudi na deni la nauli.

Majuzi nilimsaidia kujibu kwenye simu maswali ya SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, yanayotumika kukadiria mchango wake. Kuta za nyumba ni za nini? Mawe. Sakafu? Simiti. Choo? Cha kuvuta maji. Taa? Stima. Kila jibu lilikuwa la kweli, na kila jibu lilizidi kumtajirisha. Choo chenyewe wanakitumia milango minane, na tokeni ya stima hununua ya hamsini, lakini hesabu iliyotoka ilikuwa karibu elfu kumi kwa mwaka. Alicheka kwanza. Alifikiri nimebonyeza vibaya.

Kwa asiyefuatilia: tangu Oktoba 2024 SHA imechukua nafasi ya NHIF, bima ya taifa ya zamani. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote. Asiye na mshahara hupimwa kwa maswali ya aina hiyo, kisha hupangiwa mchango usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, ila anatakiwa alipe wa mwaka mzima kwa mkupuo.

Nianze na upande wa serikali, maana mitandaoni umeachwa bila wakili. Enzi za NHIF, mwenye mshahara wa 20,000 alikatwa 750. Sasa anakatwa 550. Mwenye 500,000 alikatwa 1,700, sawasawa na mwenye laki moja. Sasa anatoa 13,750. Wa kujitegemea nao, awe mama fua au mwenye duka la jumla, wote walidaiwa 500 kwa mwezi. Mimi nakatwa zaidi siku hizi, na nililalamika, sitaficha. Lakini sioni kwa mdomo gani mtu angetetea hesabu ile ya zamani.

Hata kulipa kwa mwaka kuna sababu yake. Bima haiwezi kuishi kwa michango ya wagonjwa peke yao. Tunawajua watu waliokumbuka kadi ya NHIF siku daktari alipotaja upasuaji, na walipopona wakaisahau tena kabatini. Wengine ni ndugu zetu.

Shida ni kwamba Nairobi ya mtu wa kipato kidogo haiuzwi kwa mwaka. Mafuta ya kupikia hupimwa ya ishirini, sukari ya kumi. Hata gesi kuna mtungi wenye mita, unalipia kidogo kidogo. Wenye biashara walishaelewa zamani kwamba pesa za mtaani huingia jioni na hutoka jioni hiyo hiyo, na wanatulipisha kwa kuelewa huko: maji ya mtungi wa lita 20 kwa shilingi 5 ni shilingi 250 kwa lita 1,000, na hapo bado hayajaadimika. Mwenye bomba la kaunti huko Lavington, mtaa wa wenye nazo, hapati bili ya namna hiyo. Serikali nayo imeona, ndiyo maana 2025 ikaleta Lipa SHA Pole Pole, mpango wa kulipa mchango huo kidogo kidogo. Ila huo ni mkopo. Mama huyu tayari ana mkopo wa simu na mwingine wa chama. Sasa akope pia ili awe na bima ya ugonjwa ambao haujaja.

Utajibiwa kwamba zahanati na vituo vya afya ni bure, hata kwa asiyechangia. Ni kweli, na ni jambo kubwa kuliko linavyosifiwa. Nilimsindikiza na mwanawe kwenye kituo kimoja cha umma, mtoto ana kikohozi kinachokwaruza. Foleni ndefu, tabibu mpole, hakuna aliyetuitisha hata shilingi. Kisha tukapewa karatasi ya dawa tukanunue nje. Kemisti alitaka 450. Toa nauli, hiyo ni siku nzima ya kufua.

Kwa uzazi naona tumerudi nyuma kabisa. Linda Mama, mpango wa zamani wa serikali wa kujifungua bure, ilimtaka mjamzito ajisajili tu. Sasa anadaiwa mchango kwanza.

Mimi si wa kusema SHA ivunjwe. Anayepata zaidi atoe zaidi, hilo libaki. Kinachonikera ni kipimo. Ukuta wa udongo unaweza kukuambia kitu kuhusu mwenyewe kijijini, kwa sababu aliujenga yeye. Ghorofa la Pipeline linakuambia kuhusu landilodi. Muulize mpangaji analipa kodi ngapi na mwezi uliopita alipata kazi siku ngapi, utamjua. Na mruhusu achange kwa wiki. Atakayeruka wiki kadhaa, asubiri muda fulani kabla ya kulipiwa kulazwa. Hapo yule wa kukumbuka kadi akiugua atakuwa amezibiwa njia bila kumfungia mama fua mlango.

Yeye ana mpango wake. Ushago kwao ana nyumba ya udongo, choo cha shimo, taa ya sola, na pia shamba la mahindi, kuku, na hakuna wa kumgongea mlango tarehe tano. Aliniuliza juzi akikamua shuka: "Sasa nikijiandikisha nikiwa kule, si nitakuwa maskini?"