Mwizi Akitoka Mafichoni, Bado Haonekani?

Ubishi kuhusu kujificha ni wa siku nyingi katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambamo kila mchezaji huigiza mhusika, kama mwizi au mchawi, na dadu huamua kama alichojaribu kimefaulu. Mwizi wa daraja la kwanza kwenye kitabu cha mwaka 1978 alikuwa na asilimia 10 tu ya kufanikiwa kujibanza kivulini, na hata hapo watu walivutana kuhusu kivuli ni kipi. Kanuni za 2024 zilitaka kulimaliza suala hili. Kwa maoni yangu zimelihamisha tu.

Kanuni yenyewe inasema hivi. Ukitaka kujificha, uwe kwenye giza totoro au ukungu mzito, au nyuma ya kitu kinachokukinga angalau robo tatu, na adui yeyote asiwe anakuona. Unarusha dadu ya pande 20 na kujumlisha alama zako za kunyata. Ukipata 15 au zaidi, unaingia katika hali ya Kutoonekana, na jumla uliyopata ndiyo adui anatakiwa aifikie ili akugundue. Hali hiyo inakoma ukitoa sauti inayozidi mnong'ono, ukishambulia, ukitamka maneno ya uchawi, au adui akikupata.

Sasa mweke mwizi nyuma ya nguzo na askari mlangoni, na katikati ukumbi wa futi 30 uliojaa mwanga wa mienge. Mwizi amepata 19. Anatoka nyuma ya nguzo, ananyata kumwelekea askari. Anaonekana au haonekani?

Wanaoshika maandishi wanasema haonekani. Kutoka kwenye kinga hakumo kabisa kati ya mambo yanayoikomesha hali ile, na askari hajarusha dadu ya kumtafuta. Hoja yao ina uzito kuliko inavyosikika. Pigo la kuvizia ndilo silaha kuu ya mwizi, na mara nyingi analipata kwa sababu adui hajamwona. Kiongozi wa mchezo akiweza kulifuta kila mara kwa kusema "ah, amekuona", mchezaji huyo hana cha kupanga. Mchawi aliyejifanya haonekani kwa uchawi haulizwi maswali hayo. Anapita ukumbini na hakuna anayebisha.

Upande wa pili unaanza na macho. Kanuni inasema "adui akikupata", wala haikusema kupata huko lazima kuje kwa dadu. Askari mzima, aliye macho, akikutazama kwenye mwanga mweupe hana haja ya kukutafuta. Halafu, ukifuata maandishi mpaka mwisho, unafika mahali pa ajabu: uchawi wa kuwaona wasioonekana unamfichua hata mwizi aliyejificha bila uchawi wowote, kwa sababu hali yake ina jina lilelile la Kutoonekana.

Mimi niko na upande huu wa pili, ila si kwa kumnyang'anya mwizi haki yake. Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hii, katika toleo lake la pili la 2019, imeonyesha njia nzuri: anayenyata anapimwa pale anapoishia. Akimaliza mwendo akiwa hana kinga wala kitu kinachomfifisha, ameonekana. Alikopita katikati hakuhesabiwi. Ningeisogeza mbele kidogo, kipimo kije mwishoni mwa zamu, ili mwizi avuke ukumbi na kupiga pigo lake kabla hajaonekana. Mzunguko mzima wa zamu ni sekunde kama 6, na macho ya mlinzi hupepesa, hugeuka, huchoka. Lakini akimaliza zamu amesimama katikati ya mwanga, ameonekana, hata kama alipata 25.

Kuna jambo jingine ambalo mezani husahaulika sana, nalo ni mwanga wenyewe. Kiumbe anayeona gizani haoni giza kama mchana. Kwake giza huwa kama mwanga hafifu, kwa hiyo humo gizani anarusha dadu mbili za kuona na kuchukua ndogo. Utambuzi wake wa kawaida, yaani alama anazotumia bila kurusha dadu, unapungua 5. Mlinzi mwenye 13 anabaki na 8. Hapo mwizi anafaidika. Ila kuna upande wa hasara: kwa kuwa kiumbe huyo anaona kiasi, giza peke yake halimtoshi mwizi kuanza kujificha mbele yake. Anahitaji nguzo, ukuta, pipa, chochote. Mabishano mengi ninayoyasikia yangeisha mapema kama kiongozi angetaja mwanga ulivyo kabla dadu hazijarushwa, mwizi akajua anachochagua.

Na kama askari ameshaambiwa kuna mtu nyuma ya nguzo, akaikodolea macho, simpi mwizi hata hatua moja ya bure. Aidha mwenzake atupe jiwe upande wa pili, askari ageuke, au mwizi atafute njia nyingine ya kufika mlangoni.