Bagamoyo na watoto: turudi siku hiyohiyo au tulale?

Likizo ya Juni au ya Desemba ikikaribia, mjadala hurudi kwenye sebule nyingi za Dar es Salaam. Baba anasema Bagamoyo ni kilomita 65 hivi tu, kulala huko ni kutupa hela. Mama anajibu kwamba kurudi siku hiyohiyo ni kuwapeleka watoto wakatalii foleni ya Tegeta. Wote wawili wana hoja, ila wote huwa wamesahau kuhesabu kitu kilekile: idadi ya vituo wanavyotaka kuviona.

Tuanze na upande wa kurudi. Gari dogo linalokula lita moja kwa kilomita kumi litahitaji lita 13 kwenda na kurudi, na ni vizuri kuongeza lita mbili za foleni na mizunguko ya mjini. Ukibeba chakula kutoka nyumbani, gharama kubwa inayobaki ni viingilio. Ukitoka Mwenge saa 12 asubuhi Jumamosi, saa moja unusu mpaka mbili inatosha kufika. Ukitoka saa 3, baada ya watu wote kuoga na mtoto wa mwisho kutafutiwa kiatu, Bunju peke yake inaweza kula saa nzima, na utafika jua likiwa utosini. Hapo ndipo safari nyingi za siku moja hufia, wala Bagamoyo haina kosa.

Kwa sababu magofu ya Kaole, kilomita chache kusini ya mji, hayana kivuli cha maana. Ni misikiti miwili, wa zamani zaidi ukihesabiwa kuwa wa karne ya 13, na makaburi ya mawe, mengine yenye nguzo ambazo zamani zilipachikwa bakuli za kauri kutoka China. Saa 2 asubuhi mtoto wa miaka minane ataizunguka kila nguzo na kuuliza nani alizikwa pale. Saa 7 mchana mtoto huyohuyo atauliza gari liko wapi. Mtembezaji ni yuleyule, maelezo ni yaleyale.

Kosa la pili la wanaorudi siku hiyohiyo ni tamaa. Orodha huwa ni Kaole, makumbusho ya Misheni ya Kikatoliki, jengo la Karavanserai lililokuwa kituo cha misafara, Boma la Wajerumani, ufukwe, kisha samaki. Mtoto wa shule ya msingi ana kama dakika 40 za kutazama makabati ya kioo na kusomewa vibao. Zikiisha, kila kitu kinakuwa maji, choo na njaa. Kituo cha tatu hakiongezi elimu yoyote, kinafuta ile ya kituo cha kwanza. Kwa siku moja, kituo kimoja cha historia na bahari vinatosha kabisa.

Kama ni kimoja, kipi? Kwa watoto walio chini ya miaka kumi, Misheni inaishinda Kaole, ingawa wapenda magofu watakasirika. Ina miti mikubwa ya kukaa chini yake, na ina vitu ambavyo mtoto anaweza kuvishika kichwani. Upo mbuyu ambao zamani ulifungwa mnyororo wa kufungia punda, mti ukanenepa ukaumeza; leo kinaonekana kipande tu. Upo mnara wa kanisa ambamo mwili wa Livingstone, mmisionari na mvumbuzi kutoka Uskoti, ulilazwa usiku mmoja, Februari 1874, kabla ya kuvushwa Zanzibar. Livingstone alifariki Mei 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, na watumishi wake Chuma, Susi na wenzao wakaubeba mwili huo mpaka pwani kwa takribani miezi tisa. Mwambie mtoto aliyelalamika kuhusu saa mbili za gari, kisha nyamaza aipime mwenyewe. Ila Misheni, iliyoanzishwa 1868, bado ni parokia hai: Jumapili asubuhi watu wako kwenye ibada, kwa hiyo panga Jumamosi, au Jumapili mchana.

Sasa upande wa kulala. Usiku mmoja kwa familia ya watu watano mara nyingi maana yake ni vyumba viwili, chakula cha jioni cha kununua, na bajeti inayopanda mara mbili au tatu ya ile ya siku moja. Kabla ya kulipa, uliza vitanda vingapi na vyandarua vingapi, maana "chumba cha familia" kinaweza kuwa chumba cha watu wawili kilichoongezewa godoro sakafuni. Uliza pia umeme ukikatika jenereta linaendesha feni au taa za mapokezi tu. La tatu hulisahau karibu kila mtu: chai ya asubuhi inaanza saa ngapi? Ikianza saa 2, ile asubuhi ya baridi uliyoilalia imekwenda. Omba mayai ya kuchemsha na ndizi usiku, muwe Kaole mara tu lango linapofunguliwa, chai mje kunywa baadaye. Familia iliyolala halafu ikaamka saa 3 imelipia kitanda, basi.

Usiku ukitumika vizuri hununua vitu viwili. Cha kwanza ni jioni: soko la samaki, karai za mafuta, ngisi na pweza, watoto wakikimbia bila mtu kutazama saa. Cha pili ni nafasi ya maswali, na hoja hii haisikiki sana kwenye mabishano ya sebuleni. Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa. Hata jina lenyewe linabishaniwa: wapo wanaosema ni wapagazi waliofika pwani, wakatua mizigo na kubwaga mioyo kwa furaha, wengine wanasema ni watumwa walioacha mioyo yao huku, wakijua ng'ambo hakuna kurudi. Mtoto wa miaka kumi akiona minyororo kwenye makumbusho saa 5, swali lake zito huja saa 2 usiku, akiwa ametulia. Katika safari ya siku moja, swali hilo linamkuta dereva Mapinga, nyuma ya lori.

Bahari nayo ina ratiba yake. Siku za bamvua, yaani mwezi mpevu au mwandamo, maji ya pwani hii hupwa kabisa karibu saa 4 asubuhi na kujaa karibu saa 10 jioni. Ufukwe wa Bagamoyo una mteremko mdogo, hivyo saa 4 hiyo mtatembea mbali sana kwenye mchanga wa matope kuyafuata maji. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji yako juu asubuhi, ila hayajai sana wala hayapwi sana. Kwa anayerudi siku hiyohiyo, Jumamosi ya bamvua ndiyo tamu: historia asubuhi, kuogelea kuanzia saa 8 maji yakipanda. Aliyelala hana haja ya kuhesabu sana; atayapata maji mara moja au nyingine.

Uamuzi unategemea unakokaa na umri wa watoto. Wa Tegeta, Boko au Bunju kulala ni anasa. Yeye yuko nusu ya njia tayari. Wa Mbagala au Kigamboni anayevuka jiji zima kwanza, na mwenye watoto wa kati ya miaka tisa na kumi na tano, usiku mmoja unalipa. Mwenye mtoto wa chini ya miaka mitano arudi tu, kwa sababu huyo atakumbuka mchanga na soda, na mchanga hautozi malazi. Masika, kati ya Machi na Mei, kulala ni bahati nasibu: mvua ikinyesha siku zote mbili, umelipia kutazama paa.

Na anayelala alale Ijumaa au Jumamosi, lakini aondoke Jumapili kabla ya saa 8 mchana. Baada ya hapo wanaotoka Msata nao wanaingia kwenye barabara hiyohiyo, na Tegeta haiulizi nani alilala na nani hakulala.