Normandie-Niemen: kikosi cha Ufaransa na jina la mto wa mbali

Katika kambi ya anga ya Mont-de-Marsan, kusini-magharibi mwa Ufaransa, kuna kikosi cha ndege za kivita za Rafale kinachoitwa Normandie-Niemen, mojawapo ya vikosi vya Escadre ya 30 (kundi la vikosi vya anga). Nusu ya kwanza ya jina haina ubishi, kwani Normandie ni jimbo la Ufaransa yenyewe. Nusu ya pili ni mto unaotiririka kutoka Belarus, ukapita Lithuania hadi Baltiki. Tangu Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022, nusu hiyo imekuwa nzito kuibeba, maana heshima ya kuitwa Niemen ilitolewa na Stalin, mtawala wa Umoja wa Kisovieti, kwa mapigano ya mto huo mwaka 1944.

Kikosi kilizaliwa Rayak, Lebanon, Septemba 1942. Ufaransa ilikuwa imetekwa, serikali ya Kifaransa iliyokaa mjini Vichy inashirikiana na Ujerumani, na Jenerali de Gaulle, kiongozi wa Wafaransa waliokataa kusalimu amri, yuko London na askari wachache mno kwa kiongozi anayetaka kusikilizwa na wakubwa. Akaamua Wafaransa waonekane hata upande wa Urusi. Marubani 14 na mafundi 58 walisafiri kupitia Iran hadi Ivanovo, Urusi, wakajifunza kurusha Yak, ndege za kivita za Kisovieti, katikati ya theluji.

Wapo wanaosema kikosi hiki kilikuwa siasa tu. Nakubali kwamba siasa ilikuwemo, tena nyingi: Desemba 1944 de Gaulle alikuwa Moscow kutia saini mkataba na Stalin, na alipokuwa huko akawavisha marubani hao medali. Tena katika vita vyenye maelfu ya ndege, kikosi kimoja hakigeuzi mambo. Lakini neno "tu" ndilo linalonikera. Kamanda wao, Jean Tulasne, aliruka tarehe 17 Julai 1943 wakati wa mapigano ya Kursk, nchini Urusi, na hakurudi. Hadi vita vinakwisha, marubani zaidi ya 40 walikuwa wameuawa au kupotea, na kikosi kilihesabiwa ushindi wa angani 273.

Hoja ya Walithuania dhidi ya jina hili ina uzito zaidi. Wasovieti waliinyakua nchi yao mwaka 1940, Wajerumani wakaja 1941, kisha 1944 Jeshi Jekundu likavuka Niemen na kurudi. Kwa marubani wa Kifaransa, kuvuka mto ule kulikuwa kumfukuza Hitler. Kwa familia nyingi za Lithuania, ndio kurudi kwa uhamisho wa kwenda Siberia na kwa utawala uliodumu hadi uhuru ulipotangazwa tena mwaka 1990. Leo ndege za Ufaransa hupelekwa kwa zamu Šiauliai, Lithuania, kulinda anga ya Baltiki dhidi ya Urusi. Mtu wa huko akiona jina hilo begani mwa rubani ana haki ya kuuliza linasherehekea nini.

Hata hivyo, mimi nisingelifuta, na sababu yangu ni fundi mmoja. Kuanzia kiangazi cha 1943, mafundi wa Kifaransa waliondoka na Wasovieti wakashika nafasi zao. Tarehe 15 Julai 1944, Maurice de Seynes alikuwa anahamisha ndege kwenda uwanja mpya, na fundi wake, Vladimir Bielozub, amejibana nyuma ya kiti bila parachuti. Mafuta yakavuja, mvuke ukamziba macho rubani. Alijaribu kutua, akashindwa, akajaribu tena. Kutoka chini akaamriwa aruke na parachuti. Angeruka, Bielozub angebaki peke yake ndani ya ndege. Hakuruka. Walikufa wote wawili, wakazikwa pamoja.

Bielozub hakuwa Stalin. Ukilifuta jina kwa sababu ya aliyelitoa, unamfuta naye, pamoja na mafundi waliokesha kwenye baridi ili Yak za wageni ziruke alfajiri.

Kosa la Ufaransa ninaloliona liko katika usimuliaji. Masimulizi hupenda kuishia Le Bourget, uwanja wa ndege karibu na Paris, tarehe 20 Juni 1945, marubani wakitua na karibu ndege 40 za Yak-3, zawadi ya Stalin, huku umati ukishangilia. Siku hiyohiyo Lithuania ilikuwa bado chini ya Wasovieti. Rubani anayetoka Mont-de-Marsan kwenda Šiauliai aelezwe habari za de Seynes na Bielozub, na katika kikao hichohicho aelezwe ya Walithuania waliopakiwa kwenye mabehewa ya Siberia, kabla hajapanda ndege.