Tuzo za wakuu wa shule za sekondari: pete ivishwe chanda kipi, na lini?

Mjadala wa kuwatunuku wakuu wa shule za sekondari hugawa watu pande mbili, na kila upande una methali yake. Wanaozitaka tuzo husema chanda chema huvikwa pete. Wanaozipinga hujibu kwamba kizuri chajiuza: mkuu hodari ataonekana kwa matokeo ya shule yake, hahitaji jukwaa wala kamera. Huongeza kwamba shule ni jasho la walimu 40 au 60, wahudumu, wazazi na wanafunzi wenyewe, hivyo kumsimamisha mtu mmoja apigiwe makofi ni kuwapora wengine haki yao.

Hoja hizo si za kupuuzwa. Ila methali yao haiifai kazi hii hata kidogo, kwa sababu kazi nzuri ya mkuu wa shule haijiuzi. Hutoka kwa jina la mtu mwingine. Mwalimu mgeni wa hisabati akifundisha vizuri, sifa ni zake, na anastahili. Hakuna atakayeuliza ni nani aliyempunguzia vipindi kutoka 30 hadi 24 kwa wiki katika mwaka wake wa kwanza kazini, ni nani aliyemweka karibu na mwalimu mzoefu wa somo hilohilo, wala ni nani aliyehakikisha kwamba wawili hao wana kipindi kimoja kila wiki ambacho wote hawana darasa, wakae wapitie madaftari ya wanafunzi pamoja.

Kipindi hicho kimoja kinasikika kama jambo dogo. Jaribu kukipata. Ukihamisha somo moja la hisabati, vipindi viwili mfululizo vya maabara vinagongana na darasa jingine, mwalimu wa masomo mawili anajikuta anadaiwa madarasa mawili kwa saa ileile, na mkondo mmoja unabaki na masomo magumu matatu mchana wa Ijumaa. Mkuu anayejua kazi yake hukaa na mwalimu wa taaluma siku mbili tatu kabla ya muhula kufunguliwa, wanafuta na kupanga upya hadi ikae sawa. Mwanafunzi hatajua kamwe kwamba jambo hilo lilifanyika, na mzazi hatajua pia. Kitakachoonekana baada ya miaka miwili ni kwamba mwalimu yule hakuomba uhamisho, na jambo ambalo halikutokea halipigiwi picha.

Zipo hesabu zinazojaribu kupima mchango huu. Mwaka 2021 watafiti Jason Grissom, Anna Egalite na Constance Lindsay, kwa ufadhili wa Wallace Foundation, taasisi ya Marekani inayofadhili elimu, walikusanya tafiti za miongo miwili za Marekani kuhusu wakuu wa shule. Walilinganisha mkuu ambaye kwa ufanisi yuko nafasi ya 25 kutoka chini kati ya 100 na mwenzake wa nafasi ya 75. Shule ikimpata huyu wa pili badala ya yule wa kwanza, mwanafunzi wa kawaida huongeza kujifunza kunakolingana na miezi 2.9 katika hisabati na miezi 2.7 katika kusoma, kwa mwaka mmoja.

Miezi mitatu isiyotimia, mtu atasema, ni nini? Tuizidishe basi. Shule yenye wanafunzi 800 inapata miezi 2,320 ya hisabati. Ukiigawa kwa mwaka wa masomo wa miezi 9, hiyo ni zaidi ya miaka 257 ya kujifunza, ndani ya mwaka mmoja, kwa kubadilika mtu mmoja ambaye huenda hafundishi hata kipindi kimoja cha somo hilo. Mwalimu bora kabisa wa sekondari huwafikia wanafunzi wa mikondo yake, labda 150. Wakivuka darasa, wanaangukia mikononi mwa mwingine, awe mzuri au mbaya. Mkuu ndiye anayeamua huyo mwingine ni nani. Ripoti hiyohiyo inaeleza pia kwamba chini ya wakuu wazuri utoro wa wanafunzi hupungua na walimu hawahami ovyo. Hili la walimu ndilo linalobeba mengine yote, maana shule inayobadilisha theluthi ya walimu wake kila mwaka haina inachojenga. Kila Januari au kila Septemba inaanza upya.

Hapa wapinzani wana hoja kali kuliko ile ya methali, na ni haki kuitaja. Brendan Bartanen na wenzake walizipitia upya hesabu za aina hii kwa data za Marekani. Wakaona kwamba sehemu kubwa ya kinachohesabiwa kuwa ni mkono wa mkuu ni mambo ya kupita: kundi zuri lililoingia mwaka ule, au shule iliyokuwa inaelekea kupanda kabla hajafika. Alama yake ya kudumu kwenye mitihani ni ndogo kuliko ilivyodhaniwa. Kwa hiyo ile miezi 2,320 haiwezi kuandikwa kwenye jina la mtu mmoja kama deni linalodaiwa. Ni picha ya ukubwa wa jambo kwa wakuu wengi kwa jumla, haitoshi kumhukumu yeyote peke yake.

Wengi wanatoka hapo moja kwa moja hadi kwenye kuzifuta tuzo. Hawajatuonyesha njia ya kufika huko. Walichothibitisha ni kwamba matokeo ya mtihani ya mwaka mmoja hayawezi kumtambulisha mkuu bora, jambo ambalo mwalimu yeyote aliyewahi kusoma orodha ya ufaulu kwa makini analijua. Chukua shule mbili, kila moja ikiwa imeandikisha wanafunzi 200 mwaka wa kwanza. Ya kwanza inawafikisha 150 kwenye mtihani wa mwisho, wanafaulu 135. Ufaulu ni asilimia 90, na jina la mkuu linatajwa jukwaani. Ya pili inawafikisha 190, wanafaulu 150. Ufaulu ni asilimia 79, hakuna anayeitaja. Rudi sasa kwenye wale 200 walioingia mlangoni. Shule ya kwanza imefaulisha asilimia 67.5 yao, ya pili asilimia 75. Ile inayoonekana ya chini imewavusha watoto 15 zaidi. Na wale 50 waliopotea katika shule ya kwanza hawakuyeyuka: wapo waliokaririshwa, walioshauriwa kwa upole wahame, walioandikishwa kufanya mtihani kwingine. Kamati ya tuzo inayotazama asilimia ya ufaulu bila kuuliza walioingia walikuwa wangapi inalipa watu wawatoe watoto shuleni.

Kwamba hili hutokea kweli lilionekana Uingereza. Mwaka 2016 Alex Hill na wenzake walichapisha katika jarida la Harvard Business Review matokeo ya kuwafuatilia viongozi 411 wa shule za huko, wakawagawa katika aina tano. Wawili wanatuhusu hapa. Waliyemwita mpasuaji huingia na kisu: huwaondoa wanafunzi dhaifu, huwakusanya walimu bora kwenye madarasa ya mtihani, na matokeo hupanda upesi. Akishaondoka, yanaporomoka, kwa kuwa madarasa ya chini yaliachwa yakauke. Waliyemwita msanifu majengo hujenga polepole, hushughulikia nidhamu, ufundishaji na jamii inayoizunguka shule. Matokeo yake huchelewa, ila huendelea kupanda hata akiwa ameshaondoka. Nishani na mishahara minono vilikwenda kwa wapasuaji. Msanifu hakutambuliwa.

Ukisoma hayo haraka utasema, si unaona, tuzo ni sumu. Yasome polepole. Msanifu yule alikuwa kazini miaka yote hiyo, akifanya yale yanayotakiwa, na aliyekabidhiwa kutunuku akampita bila kumwona. Ukizifuta tuzo, bado ataendelea kutoonekana. Mpasuaji ana orodha ya ufaulu inayompigia debe kila mwaka bila nishani yoyote. Anayehitaji jicho la nje ni msanifu.

Katika kuchagua wa kutunukiwa, neno linaloharibu zaidi ni hamasa. Tukisikia mkuu anayetia hamasa, picha inayokuja ni ya msemaji hodari mbele ya gwaride la asubuhi. Mwaka 2008 Viviane Robinson na wenzake walilinganisha tafiti za uongozi wa shule. Uongozi wa kuchochea moyo na kutangaza dira ulionekana kuwa na athari ndogo kwa kujifunza kwa wanafunzi, 0.11 kwa kipimo chao cha ukubwa wa athari. Uongozi unaoshughulika na ufundishaji wenyewe ulifika 0.42. Katika vipengele vyote, kilichoongoza ni mkuu kuhimiza mafunzo ya walimu na yeye mwenyewe kushiriki: 0.84. Idadi ya tafiti zilizofaa kulinganishwa haikuwa kubwa, lakini mwelekeo wake unaeleweka kwa yeyote aliyekaa kwenye chumba cha walimu. Mkuu anayefungua semina kwa dakika tano kisha akarudi ofisini ameshawaambia walimu mafunzo yale yana uzito gani. Anayebaki na kalamu yake, akakiri mbele ya walimu wake kwamba swali lile la hisabati la sehemu naye lingemshinda kulieleza, ametia hamasa bila hotuba.

Kuhusu jasho la wengi, suluhisho si gumu. Hati ya tuzo iwataje makamu, mwalimu wa taaluma na wakuu wa idara kwa kazi mahususi, na fedha, kama zipo, ziende kwenye mfuko wa mafunzo ya walimu wa shule hiyo, si mfukoni mwa mtu. Mkuu anayestahili tuzo hatanung'unika. Atakayenung'unika amejitambulisha.

Lililo gumu ni namna ya kumpata. Asipendekezwe kabla hajatimiza miaka minne kituoni, kwa kuwa chini ya hapo unapima shule aliyoirithi. Kamati iombe namba za kundi lilelile kuanzia kuandikishwa hadi mtihani, kwa makundi yasiyopungua matatu, na ieleze kila aliyetoweka alikwenda wapi. Iombe orodha ya walimu walioondoka na sababu zao. Itazame mgawanyo wa vipindi na kuuliza swali moja: nani anafundisha mwaka wa kwanza? Walimu wote wenye uzoefu wakiwa juu, kwenye madarasa ya mtihani, jibu limeshapatikana. Ziara ziwe mbili, moja ya taarifa na moja ya kushtukiza, na ile ya kushtukiza ifanyike siku ambayo mkuu yuko safarini. Kengele ikigongwa kwa wakati, mwalimu wa zamu akijulikana ni nani, na madarasa yakiwa na walimu, kamati imeuona uongozi wake kuliko ambavyo ingeuona kwa kunywa naye chai ofisini. Iongee na mlinzi, mpishi na mtunza maktaba bila mtu wa utawala kuwapo. Hao ndio wanaojua ni wanafunzi gani hurudishwa getini na kwa nini.

Lipo kosa moja ambalo hata tuzo iliyotolewa vizuri huliangukia. Mshindi anapandishwa cheo, anahamishiwa ofisi ya wilaya au makao makuu, na shule iliyotunukiwa inampoteza mwaka uleule. Utafiti wa Karen Seashore Louis, Kenneth Leithwood na wenzao, uliotoka 2010, ulionyesha jinsi kubadilisha wakuu mara kwa mara kunavyoumiza shule. Kumng'oa mtu kwa sababu amefaulu ni kuifanya pongezi iwe adhabu kwa watoto aliowaacha. Tuzo iambatane na ahadi ya maandishi kutoka kwa mwajiri kwamba mshindi atabaki kituoni angalau miaka miwili, isipokuwa ameomba mwenyewe kuondoka, na kwamba makamu wake ataanza kuandaliwa mara moja kwa majukumu yanayotajwa kwa majina: bajeti, ratiba, usimamizi wa masomo. Kisha, miaka miwili baada ya mshindi kuondoka, kamati irudi. Ihesabu tena wa mwaka wa kwanza, itazame tena nani anawafundisha, na kama hesabu imesimama, iandike hati ya pili yenye majina mawili, la aliyejenga na la aliyepokea.