Nani Atampelekea Mkubwa Habari Mbaya?

Kuna maneno nimechoka kuyasikia: "Sisi tunahitaji mtu mmoja mkali anyooshe nchi, hizi kura ni kupoteza muda na hela." Wiki hii nimeyasikia tena, na safari hii yametoka kwa mzee ninayemheshimu, msomi, mwenye vijana wanaomsikiliza. Waliokuwepo wakaitikia. Mmoja akaongeza kwamba demokrasia na udikteta ni majina tu, serikali zote ni zilezile, cha muhimu watu wale washibe. Hasira zilinikaba, sikujibu vizuri pale pale. Ninajibu hapa.

Kwanza tuliondoe suala la uchaguzi, maana ndiko kila mtu anakokimbilia. Uchaguzi peke yake haukuambii kitu. Oktoba 2002 Iraq ilipiga kura ya maoni kuhusu Saddam Hussein, na serikali yake ikatangaza kwamba wapiga kura wote walijitokeza na wote walisema ndiyo, asilimia 100. Liberia mwaka 1927, Rais Charles King alipewa kura zaidi ya 230,000 katika nchi iliyokuwa na wapiga kura wapatao 15,000. Korea Kaskazini nako wanapiga kura, tena neno demokrasia limo kwenye jina rasmi la nchi. Mimi naulizia jambo jingine: mambo yakiharibika, habari zinamfikia nani, na aliyezipeleka analala wapi usiku huo?

Tuje kwenye hilo la kushiba, kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi. Mwaka 1958 Mao Zedong, kiongozi wa China, alitaka China ipige hatua ya miaka mingi kwa mkupuo mmoja. Vijiji vikaunganishwa kuwa makomuni, yaani vijiji vikubwa vya kulima na kumiliki mali kwa pamoja, na kila kiongozi wa ngazi ya chini akapewa malengo ya mavuno. Aliyeripoti mavuno makubwa alisifiwa. Aliyeripoti ukweli aliitwa adui wa mapinduzi. Sasa jiweke hapo: wewe ni katibu wa komuni, mwenzako wa jirani ametangaza mavuno mara mbili ya yako, na karatasi iko mbele yako inasubiri namba. Utaandika nini? Wakaandika uongo. Wilaya ikaongeza wa kwake, mkoa ukaongeza wa kwake, na taarifa iliyofika Beijing ikaonyesha nchi imefurika nafaka. Kisha serikali ikaja kuchukua fungu lake kwa kufuata karatasi, bila kuangalia ghala. Mavuno yalikuwa hewa, lakini magunia yaliyobebwa yalikuwa halisi, na ndani yake kilikuwamo chakula cha watoto na mbegu za msimu uliofuata.

Julai 1959, kwenye mkutano wa viongozi wa chama tawala huko Lushan, waziri wa ulinzi Peng Dehuai alimwandikia Mao barua. Huyu hakuwa mpinzani. Alikuwa jemadari wa mapinduzi yaleyale, na barua aliipeleka kwa Mao mwenyewe, kwa adabu, akimweleza kwamba mambo hayaendi vizuri. Mao akaisambaza barua kwa wajumbe, akamgeuzia mkutano mzima, na Peng akapoteza uwaziri. Baada ya hapo nani mwingine angefungua mdomo? Huko Xinyang, mkoani Henan, viongozi waliweka walinzi barabarani ili wenye njaa wasitoke kwenda kutafuta chakula, na barua zilizoeleza hali zikazuiwa posta. Watu wanakufa, na kazi ambayo serikali ya mahali inaifanya kwa bidii ni kuzuia barua. Wakati huohuo China iliendelea kuuza nafaka nje. Watafiti hawakubaliani idadi ya waliokufa katika miaka ile, lakini wengi wao wanahesabu kwa makumi ya mamilioni.

Nikisoma habari hizi siwezi kukaa nikatulia mtu anaponiambia serikali zote ni sawa.

Mchumi Amartya Sen, aliyeishuhudia njaa ya Bengal, katika India ya wakati wa ukoloni, mwaka 1943 akiwa mtoto, amelisema hili kwa uwazi kuliko wengine: nchi huru yenye uchaguzi wa ushindani na magazeti yaliyo huru kiasi haijapata kufikwa na baa kubwa la njaa. Hii haitokani na wanasiasa wake kuwa na huruma kupita wengine. Mwandishi atampiga picha mtoto aliyekonda, mbunge wa upinzani ataishika picha ile bungeni, na waziri anayetafuta kura mwakani hatapata usingizi mpaka magunia yatembee. Bengal ilipoteketea ilikuwa chini ya Uingereza, na serikali iliyokuwa London haikutegemea kura ya mtu yeyote wa Bengal.

Nakubali, kwa shingo upande, jambo ambalo Sen mwenyewe hakulificha. India hiyohiyo iliyoepuka baa kubwa la njaa tangu uhuru wake imewaacha mamilioni ya watoto wadhoofike polepole kwa utapiamlo, huku China ikiipita kwa afya ya msingi na elimu. Njaa ya kimya haipati ukurasa wa mbele. Demokrasia inasikia kilio haraka, lakini anayekufa bila kulia inaweza kumpita kila siku. Hilo ni doa, na sitajaribu kulisafisha.

Ila doa hilo huwezi kuliweka pamoja na kumwadhibu mjumbe. Januari 1937 Umoja wa Kisovyeti ulifanya sensa. Idadi ikatoka pungufu kwa mamilioni kuliko ilivyotarajiwa, kwa sababu, miongoni mwa mengine, njaa ya 1932 na 1933 ilikuwa imewamaliza watu. Stalin akaifuta sensa. Wakuu wa takwimu wakakamatwa na baadhi yao wakapigwa risasi. Kosa lao lilikuwa kuhesabu. Mwaka 1939 ikafanywa sensa nyingine, na waliohesabu safari hiyo walijua vizuri yaliyowapata wenzao.

Na Chernobyl je? Mtambo huo wa nyuklia, katika Ukraine iliyokuwa sehemu ya Umoja wa Kisovyeti, ulilipuka usiku wa tarehe 26 Aprili 1986. Dunia ilianza kushtuka siku mbili baadaye, baada ya vipimo vya kituo cha nyuklia cha Forsmark, Sweden, kunasa mionzi. Tarehe 1 Mei gwaride likapita mitaani Kyiv kama kawaida, watoto wakiwemo. Mficha maradhi kifo humuumbua, tunasema. Lakini kwenye utawala wa namna hii anayeficha ni mmoja na anayekufa ni mwingine, ndiyo maana kuficha hakukomi.

Hata mtawala mwenyewe hafaidiki. Indira Gandhi, waziri mkuu wa India, alitangaza hali ya hatari Juni 1975, akawafunga wapinzani na kuyawekea magazeti wakaguzi. Kwa karibu miaka miwili alisoma sifa ambazo watu wake walikuwa wamezichuja. Mwanzoni mwa 1977 akaitisha uchaguzi, na wengi waliouchunguza wakati ule wanaamini aliitisha akiwa na hakika ya kushinda. Machi akashindwa, hata jimbo lake la Rae Bareli likamponyoka. Akaondoka. Mwaka 1980 akarudi kwa kura.

Najua mtanitajia Lee Kuan Yew, waziri mkuu wa kwanza wa Singapore. Kila anayemtaka mtu mkali humtaja yeye, na sikatai kwamba Singapore ilipiga hatua kubwa. Lakini mbona jina ni hilohilo? Mobutu alishika Kongo mwaka 1965 akaiachia 1997 ikiwa hoi. Bokassa wa Jamhuri ya Afrika ya Kati naye aliingia kwa mapinduzi, na mwaka 1977 akajivika taji la kifalme katika moja ya nchi maskini kabisa duniani. Macías Nguema wa Guinea ya Ikweta alichaguliwa 1968, kisha 1972 akajitangaza rais wa maisha, na watu wake wakakimbia nchi kwa maelfu kwa maelfu. Hakuna aliyeahidiwa Lee akaletewa Nguema kwa makosa. Ukishampa mtu mamlaka yasiyohojiwa, unapata yeyote atakayekuwa, na njia ya kumrudisha umeshaifunga kwa mikono yako.

Serikali za kuchaguliwa nazo hudanganya. Rais Richard Nixon wa Marekani alidanganya akiwa ikulu kuhusu Watergate, kashfa ya watu wake kuvunja ofisi za chama pinzani. Lakini Julai 1974 Mahakama ya Juu ya Marekani ikamwamuru akabidhi kanda za mazungumzo yake zilizorekodiwa ikulu, majaji wanane kwa sifuri, watatu kati yao wakiwa aliowateua yeye. Agosti 9 akaacha urais. Waandishi waliofukua mambo yale waliendelea na kazi yao.

Tena tusidhani hayo ni ya zamani. Usiku wa tarehe 3 Desemba 2024, Rais Yoon Suk Yeol wa Korea Kusini alitokea kwenye televisheni akatangaza sheria ya kijeshi. Amri iliyofuata ilipiga marufuku shughuli za bunge na kuviweka vyombo vya habari chini ya jeshi. Helikopta zikashusha askari bungeni. Wabunge wakakuta mageti yamefungwa, wakaruka uzio, akiwemo Spika Woo Won-shik, aliyekuwa na miaka 67. Ndani, wafanyakazi wa bunge walisukuma samani kuziba milango na kuwapulizia askari vizima moto. Nje, raia wa kawaida walisimama mbele ya magari ya jeshi. Ilipofika saa saba usiku, wabunge 190 kati ya 300 walikuwa ukumbini, na wote 190 wakapiga kura ya kuitaka amri ile iondolewe. Kabla hakujapambazuka Yoon alikuwa amesalimu amri. Aprili 2025 Mahakama ya Katiba ikamwondoa kabisa, majaji wote wanane kwa sauti moja.

Katika wale 190, kumi na nane walitoka chama cha Yoon mwenyewe. Hao ndio ninaowafikiria kila ninapoambiwa serikali zote ni zilezile. Waliingia kwenye jengo lililozingirwa na askari, wakampinga mkubwa wao kwa kura iliyorekodiwa, na baadaye wakaendelea kuwa wabunge. Peng Dehuai aliandika barua moja, akaja kukamatwa na kuteswa wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, kampeni ya Mao iliyoanza 1966 dhidi ya walioitwa maadui wa mapinduzi, na akafa kizuizini mwaka 1974.