Siku Nilipoleta Theluji Fort Worth

Nafasi yangu kwenye gari ilichukuliwa na sufuria. Nalisema hili mapema msije mkadhani nilibaki nyumbani kwa uvivu. Tulikuwa tunapeleka mahari ya mdogo wangu Fort Worth, Texas, kutoka huku kwetu Minnesota. Magari mawili ya kukodi yalijaa wazee, mablanketi, maboksi ya soda, na sufuria moja ya pilau ambayo shangazi alikataa katakata kuiacha, utadhani Texas watu wanapikia kwenye kofia. Sufuria ikafungwa mkanda kitini. Mimi nikabaki kwenye baridi nimeshika begi langu.

Mjomba, aliyekuwa msemaji wa msafara, aliniona nimenuna akaniwekea mkono begani.

"Mpwa wangu, wewe ni mtu wa kompyuta. Keti nyumbani ututazamie barabara. Sisi tutaona mbele ya gari tu, lakini wewe utaona mpaka Texas."

Cheo kilinilevya. Kabla hawajamaliza kupakia, nilikuwa nimeshabadilisha jina langu kwenye kundi la familia la WhatsApp kuwa Mkurugenzi wa Barabara.

Barabara yenyewe ni Interstate 35. Wamarekani wamezipanga barabara zao kuu kwa hesabu: zenye namba shufwa hulala mashariki na magharibi, zenye namba witiri husimama kaskazini na kusini, na hizo za witiri hupanda kadiri unavyoelekea mashariki. Namba 5 iko upande wa Pasifiki, 95 upande wa Atlantiki, na 35 inashuka katikati ya nchi kama mshono wa suruali, kutoka Duluth kwenye Ziwa Superior hadi Laredo kwenye mpaka wa Mexico. Kilomita 2,500 hivi. Chukua Mombasa mpaka Nairobi, iunge mara tano, na bado utahitaji kipande cha kuongezea. Msafara wetu ulikuwa na kilomita kama 1,500 za kula, majimbo sita: Minnesota, Iowa, Missouri, Kansas, Oklahoma, Texas.

Nikahamia besimenti, chumba cha chini ya nyumba. Kompyuta mbili, televisheni moja, chupa ya chai, mkate. Besimenti yetu haina dirisha hata moja, na wakati huo niliiona hiyo kuwa faida, maana hakuna mwanga wa kunisumbua kwenye skrini. Kumbukeni hilo dirisha lisilokuwepo.

Nilichogundua haraka ni kwamba hakuna mtu mmoja anayeitazama 35 yote. Kila jimbo lina tovuti yake ya hali ya barabara, ramani yake na kamera zake, na likifika mpakani linakunja mkeka. Nikafungua kurasa za majimbo yote sita. Halafu ndani ya kila jimbo nikafungua kamera moja moja. Kufikia saa kumi na moja jioni ya Ijumaa, juu ya skrini yangu kulikuwa na vichwa vidogo vingi vya kurasa, vimebanana kama abiria wa matatu ya jioni, kila kimoja kikionyesha mwanzo tu wa jina lake.

Kamera ya kwanza niliyoitumia ilikuwa hapa hapa Minneapolis: I-35W na Mtaa wa 28. Nikayaona magari yetu meupe yakipita, moja nyuma ya lingine. Nikapiga simu.

"Mjomba, nimewaona!"

"Wacha wewe! Na mimi unaniona?"

"Nakuona, Mjomba." Nilikuwa naona paa la gari.

"Nimeshika nini mkononi?"

"Chapati."

Kimya. Kisha nikasikia akiwaambia wenzake kwa sauti ya chini, "Huyu kijana ni hatari." Ilikuwa ni kubahatisha tu, lakini kwa Mjomba, wakati wowote ule, chapati si kubahatisha sana. Tangu hapo neno langu likawa sheria ndani ya magari yote mawili.

Usiku ulikwenda vizuri, ukiacha mambo madogo. Wakiwa Iowa walinipigia kuniambia wako kwenye kibao cha maili 110. Nikawaambia sawa. Baadaye wakapiga tena, wako maili 112. Nikawauliza kama wamegeuza gari, mbona wanarudi nyumbani. Shemeji yangu, aliyekuwa usukani wa gari la mbele, akaapa hajageuka. Tulizozana dakika kumi, Mjomba akiamini wamerogwa, mpaka nikasoma kwamba namba za maili huanza sifuri kwenye mpaka wa kusini wa kila jimbo. Ukishuka kusini unahesabu kurudi nyuma mpaka sifuri, unavuka mpaka, halafu Missouri inakupokea na 114 yake kama vile hujatembea kabisa.

Kansas nako 35 inaingia kwenye barabara ya kulipia, na tangu Julai 2024 hakuna mtu wa kupokea pesa. Mashine inasoma namba ya gari, bili inakuja kwa posta. Nilimweleza Mjomba mara tatu. Hata hivyo alikaa macho mpaka mpaka wa Oklahoma, ameshika dola kumi mkononi, anatafuta dirisha la kumpa mtu. Mzee wa watu hapendi madeni.

Alfajiri ikafika, ingawa mimi nilijulishwa na saa tu. Nilikuwa nimepanda jikoni mara mbili kuongeza chai, mara zote gizani. Macho yalikuwa yanawasha. Saa mbili na nusu hivi shemeji akapiga: wamevuka Mto Red, wako Gainesville, Texas. Wakwe wanawangoja saa tano. Mbele yao ni Denton, na hapo 35 inajigawa: 35E inakwenda Dallas, 35W inakwenda Fort Worth. Kwa hiyo 35W, au kuna tatizo?

"Ngoja nikague," nikasema kwa sauti ya mkurugenzi.

Nikapita kwenye vile vichwa vidogo nikitafuta 35W. Nikakiona: I-35W, 28. Fort Worth ina Mtaa wa 28 unaokatana na 35W; nilikuwa nimeuona kwenye ramani mwenyewe. Nikabonyeza.

Mungu wangu.

Nyeupe tupu. Theluji inamwagika kama unga kwenye posho mill. Lori limekaa mshazari limeziba karibu njia zote, na nyuma yake magari yamesimama, taa nyekundu mpaka picha inapoishia.

Na msinicheke haraka. Tarehe 11 Februari 2021, hapo hapo Fort Worth, kwenye hiyo hiyo 35W, barafu iliifunika barabara alfajiri, magari zaidi ya 130 yakagongana na watu sita wakafariki. Hata huku kaskazini tuliozoea barafu tunaikumbuka. Na sasa ilikuwa Februari tena. Nilipoona nyeupe, sikushangaa. Niliogopa.

"Shemeji, msiingie 35W! Fort Worth kuna theluji, lori limelala, hakuna kinachosogea."

"Shemeji, hapa kuna jua. Nimefungua dirisha."

"Hilo jua ni la kudanganya. Texas hubadilika ghafla."

Mjomba akanyakua simu. "Huyu aliiona chapati! Tumsikilize!"

Nikatoa maagizo. Moja, washike 35E waende Dallas, kisha waikamate I-30 kurudi magharibi mpaka Fort Worth. Mbili, kila mtu avae koti kabla ya kufika, wazee wasije wakapata nimonia mbele ya wakwe. Walisimama kituo cha mafuta Denton, wakafungua mabegi, wakavaa makoti mazito ya Minnesota juu ya suti, na skafu, na kofia za sufi. Shemeji alinisimulia baadaye kwamba kijana aliyekuwa anajaza mafuta pembeni yao alikuwa amevaa kaptura na kandambili, na aliwatazama mpaka tangi lake likafurika.

Mimi nikarudi kwenye kamera yangu kuendelea na kazi, nikiwapa kundi habari kila baada ya dakika tano. "Lori bado." "Magari hayajasogea." Katikati ya foleni nikaona gari moja dogo, dirisha la nyuma limefunikwa kwa nailoni nyeusi iliyobandikwa gundi ya karatasi, nailoni inapigapiga kwa upepo. Nikaingiwa na huruma. Nikaandika: "Kuna maskini mmoja hapo Fort Worth gari lake lina nailoni badala ya kioo. Kumbe hata Texas kuna watu wa hali yetu. Tumwombee." Shangazi akajibu amina.

Simu ikalia. Mke wangu. Alikuwa anatoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi.

"Baba watoto, nitachelewa, nimekwama..."

"Mama, nikupigie baadaye kidogo? Naangalia foleni ya 35W, ni mbaya sana."

"Naijua. Niko ndani yake."

Nikaitazama simu. "Uko Texas unafanya nini?"

Akanyamaza. Mke wangu akinyamaza namna ile huwa ananipa nafasi ya kujirekebisha. Sikuitumia.

"Niko Mtaa wa 28," akasema polepole, "lori limelala mbele yangu, theluji inaingia kwa lile dirisha uliloahidi kulitengeneza Krismasi."

Mikono ilianza kunitoka jasho. "Mama, tafadhali. Washa taa zako za hatari."

"Kwa nini?"

"Washa tu."

Sekunde moja. Mbili. Tatu. Kwenye skrini, gari la nailoni likaanza kukonyeza.

Nijitetee kidogo. Barabara ya 35 inajigawa mara mbili: huko Texas, kutoka Denton hadi Hillsboro, na hapa kwetu, kutoka Burnsville hadi karibu na Forest Lake. Huko ilikuwa Dallas na Fort Worth, hapa Minneapolis na St. Paul, hakuna mji uliokubali kuachwa kando. Matokeo yake kuna 35W mbili na 35E mbili katika barabara moja. Nani anayefanya hivyo? Hata kijijini kwetu, watoto wawili wakiitwa Kamau, mmoja hupewa jina la utani.

Nikapanda ngazi mbio, nikafungua mlango wa mbele. Theluji ikaniangukia kifuani. Ilikuwa imefika kwenye kitasa cha gari la jirani. Fort Worth yangu yote ilikuwa hapo mlangoni.

Kufikia hapo msafara ulikuwa Lewisville, kwenye msongamano halisi wa 35E, na dereva wa gari la pili alikuwa ameingia kwa makosa kwenye zile njia za kulipia ambazo bei hupanda kadiri foleni inavyozidi. Ilibidi niseme kitu. Mwanamume mwenye akili angesema ukweli.

"Mjomba, habari njema. Theluji ya Fort Worth imeyeyuka."

"Imeyeyuka lini?"

"Sasa hivi."

"Yote?"

"Yote, Mjomba."

"Na lile lori?"

"Limeamka."

Walifika saa sita na nusu. Lango lilikuwa limefungwa na kina mama wa upande wa bibi harusi wanaimba kwa ndani, na ninyi mnajua mambo ya wageni wanaochelewa kuleta mahari. Mzee wa nyumba akatoka. Akawatazama: wanaume wanane wamesimama juani, makoti mpaka magotini, skafu shingoni, jasho linawatiririka, na katikati yao mwanamke amekumbatia sufuria.

"Karibuni," akasema. "Nini kimewachelewesha?"

Mjomba akavua kofia ya sufi kwa heshima. "Theluji."

Shemeji anasema mzee alitazama juu angani, akakaa hivyo muda mrefu. Hakukuwa na wingu hata la kubandika. Kisha akaingia ndani bila neno, akatoka na wazee wenzake watatu, akamwomba Mjomba arudie. Mjomba, mtu wa msimamo, akarudia.

Faini zikawa mbili: moja ya kuchelewa, moja ya kudanganya mbele ya wazee. Ya kwanza ilichangwa na msafara. Ya pili Mjomba alinipigia simu akiwa ameiweka kwenye spika, ukumbi mzima unasikia, akanitajia kiasi na namba ya kutuma. Nilituma. Ni pesa iliyokuwa ya kioo cha dirisha.

Mke wangu aliwasili nyumbani saa saba. Alishuka besimenti na viatu vyake vyenye theluji, akasoma kundi la WhatsApp kutoka juu mpaka chini, akafika pale kwenye "maskini mmoja". Akaketi kwenye kiti changu. Sikuambiwa niinuke, nilijikuta nimeinuka.

Jumapili usiku simu yangu ililia. Msafara ulikuwa unakaribia Burnsville.

"Mpwa," akasema Mjomba, "hapa kuna kibao. Kinasema 35W na 35E. Tena?"

"Ndiyo, Mjomba, hapa sasa..."

"Wewe nyamaza. Nipe huyo mwenye gari la nailoni."