Malaria Hakuna, Halafu Iweje?

Mwaka 2023, siku chache baada ya Wizara ya Afya kutangaza mkoani Kagera Marburg, ugonjwa hatari wa virusi unaoambukiza kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa, kijana mmoja mvuvi aliingia zahanati kwetu akitetemeka. Tuko upande wa Sengerema, karibu kabisa na mwalo. Ukiwa chumba cha sindano unasikia injini za mitumbwi zikiwashwa. Nikamtoboa kidole, nikadondosha damu kwenye kipimo, tukasubiri. Mstari mmoja tu. Malaria hakuna.

"Daktari, nipe hata hiyo dawa mseto," akaniomba. "Kichwa kinapasuka."

Kwa cheti mimi ni tabibu. Ila huku ziwani anayekuandikia dawa ndiye daktari, maana wenye shahada wako hospitali ya wilaya au Bugando, hospitali kubwa ya rufaa jijini Mwanza. Ikija homa ya ajabu, wa kwanza kuishika ni mimi na nesi mwenzangu.

Kalamu ilikuwa tayari mkononi niandike dawa ya taifodi, kama tulivyozoea malaria ikikosekana. Sijui ni nini kilinisukuma nimuulize, "Mdogo wangu, wiki tatu hizi ulikuwa wapi?" Akasema ziwani. Ziwani wapi? Akataja kisiwa cha upande wa Kagera.

Mwili ulinisisimka. Kidole chake nilikuwa nimekishika kwa mkono mtupu, kwa sababu glovu zilizobaki tulikuwa tumeziweka kwa ajili ya kina mama wanaojifungua. Na kabla ya kuingia kwangu alikuwa amekaa karibu saa mbili kwenye benchi letu moja, amebanwa kati ya mjamzito na bibi aliyempakata mjukuu. Tulimhamishia chini ya mwembe nyuma ya jengo, nesi akampelekea kiti, ndoo na maji ya kunywa. Nikapiga simu kutoa taarifa. Jioni walikuja watu waliovaa mavazi kamili ya kujikinga, wakamchukua.

Majibu ya vipimo vyake hayakutufikia kamwe. Mke wangu na watoto niliwapeleka kwa shemeji, nikabaki peke yangu najipima joto asubuhi na jioni, kila nikihisi kichwa kinagonga nahesabu siku. Siku ya tisa yule kijana alipita akielekea mwaloni, mzima wa afya, akanisalimia kwa furaha: "Daktari, walisema sina!" Hivyo ndivyo nilivyojua. Mgonjwa ndiye aliyeniletea majibu.

Sikosi shukrani kwa waliokuja jioni ile, walifanya kazi yao. Lakini tangu siku hiyo nimeshikilia jambo moja: utayari wa kupambana na magonjwa ya mlipuko katika Kanda ya Ziwa unaanza pale kipimo cha malaria kinaposema hapana, na hapo ndipo tulipoachwa peke yetu. Mstari wa pili ukitokea, kila kitu kipo: dawa, mwongozo ukutani, safu ya kujaza kwenye rejesta. Usipotokea, tunabahatisha.

Taarifa za Shirika la Afya Duniani zilipotoka kuhusu Marburg ile, zilieleza kuwa mgonjwa wa kwanza kujulikana alikuwa ametoka kisiwa cha Goziba, akaugulia kijijini kwao Bukoba Vijijini. Hadi mlipuko unatangazwa kwisha tarehe 2 Juni 2023, waliougua walikuwa 9 na waliofariki 6. Wawili kati ya wagonjwa walikuwa wahudumu wa afya, na mmoja wao alikufa. Aliyeishi mwaloni hahitaji kuelezwa maana ya Goziba. Mvuvi hulala kisiwa kimoja mwezi huu na kingine mwezi ujao, anafuata samaki na usiku wa giza, kisha mzigo wa dagaa unashuka Kirumba katikati ya jiji la Mwanza.

Mwanzoni mwa 2025 Marburg ikarudi Kagera, safari hii wilaya ya Biharamulo. Watu 10, na wote walikufa. Maabara ilithibitisha wawili tu. Wale wanane walikuwa wameshafariki kabla ugonjwa haujathibitishwa, wakaingizwa kwenye hesabu baadaye. Nilipoisoma habari hiyo nilikaa nayo muda mrefu. Marburg inaanza na homa kali, kichwa, maumivu ya misuli, kutapika, kuhara. Ndiyo foleni yangu ya kila Jumatatu hiyo.

Wala si Marburg peke yake. Utafiti uliofanyika Moshi na kuchapishwa 2013 ulifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Waliodhaniwa kuwa na malaria walikuwa 528. Waliougua malaria kweli ni 14. Wengi wa waliobaki walikuwa na mambo mengine kabisa, yakiwemo magonjwa yanayotoka kwa wanyama kama homa ya mgunda na brusela. Najua Moshi si Mwanza, huku malaria ipo na inaua. Lakini nikikumbuka ni wangapi niliowaandikia dawa kwa mazoea, nasononeka.

Tunaambiwa dawa yake ni semina. Semina anaitwa mganga mfawidhi, siku mbili mjini, anarudi na kabrasha, na mwaka haujaisha amehamishwa na elimu yake. Mimi naomba daktari mzoefu wa kumpigia usiku, anayepokea simu na kusema "mtenge, muulize hivi, nisubiri". Namba ya bure ya 199 inawasaidia sana wananchi, lakini mtu aliye mbele ya mgonjwa anahitaji mtaalamu wa kushauriana naye. Naomba benchi la pili, nje, kivulini, kwa wenye homa na wanaoharisha. Naomba boksi la glovu la wagonjwa wa nje lisilogombaniwa na chumba cha kujifungulia. Na majibu yarudi kwa aliyetoa taarifa. Ukiripoti mara tatu bila kujibiwa, mara ya nne mkono unakuwa mzito. Nimewaona wenzangu wakifikia hapo, na siwalaumu.

Wapo wanaosema zahanati isihangaike, impeleke mgonjwa mbele. Sasa mtoe mtu Ukara: mtumbwi au kivuko hadi Ukerewe, gari hadi Nansio, meli hadi Mwanza. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limetuokoa sisi wa huku, ila kisiwani halifiki. Mwenye kipindupindu anaweza kufa kwa saa chache akiwa bado anasubiri chombo, na njia nzima ameigusa.

Tangu ile siku ya mwembe nina daftari langu la mistari mikubwa. Kila mwenye homa asiye na malaria, na kila anayeharisha maji, naandika alilala wapi siku 21 zilizopita, muda ambao Marburg huweza kujificha mwilini, na nani mwingine anaumwa huko. Hakuna aliyeniagiza. Juzi niliandika wanne wanaoharisha, watatu kati yao wametoka kambi moja ya wavuvi. Nimewaanzishia ORS na dripu, wako nje kivulini kwenye mikeka tuliyoazima kwa majirani. Simu nimepiga jana saa mbili usiku, nikapiga tena leo alfajiri. Bado nasubiri.